Mikutano ya watu wa New Orleans baada ya gharika

Maafa yakiisha kupita na wafu wakiisha kuzikwa, wakubwa wa nchi huwaita wenyeji mkutanoni ili kuwaeleza mambo yatakayofanyika. Wenyeji nao huja na swali moja moyoni: Je, tumeitwa kusikia, ama tumeitwa kusema?

Ndugu zetu wa Goma wanalijua swali hilo. Mwaka wa 2021, usiku wa tarehe 27 Mei, waliamriwa kuhama mitaa kumi ya mji kwa ajili ya mlima wa moto wa Nyiragongo. Amri ya namna ile haina nafasi ya mashauri, maana moto haungoji mtu. Lakini kuujenga upya mji ulioharibika ni kazi ya miaka mingi, wala hapo wakubwa hawana udhuru wa haraka. Kwa hiyo leo tumependa kueleza habari za mji mmoja wa Marekani, ambao wenyeji wake walikutana na kukutana tena kwa muda wa miaka miwili na zaidi, wakibishana juu ya neno moja: nani ataruhusiwa kurudi kwake?

Mji huo ni New Orleans. Wafaransa waliuanzisha mwaka wa 1718, karibu na mahali ambapo mto Mississippi unaingia baharini. Watu wa kwanza walikuwa na akili: walijenga kwenye kingo za mto, ambako nchi imeinuka kidogo, wakawaachia vyura mabwawa ya nyuma. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 zilipatikana mashine zenye nguvu za kuvuta maji. Mhandisi mmoja wa mji, Baldwin Wood, alitengeneza pampu kubwa ajabu mwaka wa 1913. Mabwawa yakakaushwa, watu wakajenga humo nyumba, shule na makanisa. Kumbe udongo wa bwawa ukikaushwa hudidimia! Mwaka kwa mwaka mitaa ile ilishuka, hata karibu nusu ya mji ikawa chini ya usawa wa bahari, ikilindwa na matuta ya udongo na kuta za saruji peke yake.

Tarehe 29 Agosti 2005 tufani iliyoitwa Katrina iliipiga pwani ile. Kuta za mifereji zikavunjika mahali pengi, maji yakaingia, na sehemu 80 katika 100 za mji zikafunikwa. Tufani ile iliua watu zaidi ya 1,300, na wengi wao walikuwa wa jimbo hili la Louisiana. Mji uliokuwa na watu 450,000 hivi ukabaki karibu mtupu. Wenyeji walitawanyika mbali, Baton Rouge, Houston, Dallas, Atlanta, wengine bila kujua baba yuko wapi na mtoto yuko wapi. Mwezi wa Juni 2006 wahandisi wa jeshi la Marekani, ambao ndio waliozijenga kuta hizo, walikiri wenyewe kwamba hazikupangwa vema.

Kabla ya kuingia katika mikutano yenyewe, yafaa tukumbuke mambo mawili ya zamani, maana watu hawaji mkutanoni na akili tupu kama ubao uliofutwa. Huja na yale waliyosimuliwa na bibi zao.

La kwanza ni la mwaka wa 1927. Mto Mississippi ulifurika, na mabwana wa benki wa New Orleans wakaogopa mji wao usizame. Wakaipata ruhusa ya serikali, na tarehe 29 Aprili wakalilipua tuta kwa baruti mahali paitwapo Caernarvon, chini ya mji, ili maji yaende kwa maskini wa vijiji vya upande ule, wavuvi na wategaji wa wanyama. Kabla ya kulipua waliwapa ahadi: kila mtu atalipwa hasara yake yote. Maji yalipokauka wengi walilipwa kidogo sana, na wengine hawakupata kitu. Tena baruti ile haikuwa na lazima, maana matuta mengine huko juu yalikuwa yamekwisha kuvunjika yenyewe, na mto ungalishuka hata hivyo.

La pili ni la mwaka wa 1965. Usiku wa tarehe 9 Septemba tufani Betsy iliijaza maji mitaa ya mashariki, hasa mtaa wa weusi uitwao Lower Ninth Ward. Kesho yake Rais Lyndon Johnson mwenyewe akaja kwa ndege. Aliingia katika shule moja iliyojaa watu waliookoka. Umeme ulikuwa umekatika, kulikuwa giza. Rais akajimulikia uso wake kwa tochi, akawaambia kwamba yeye ndiye Rais wao na kwamba amekuja kuwasaidia. Watu hawakumsahau. Mwaka ule ule bunge la Marekani likaagiza zijengwe kuta na matuta ya kuuzuia mji usiguswe tena na tufani. Ndizo zile zilizovunjika miaka 40 baadaye, zikiwa hazijamalizika bado.

Basi, mwaka wa 2005, wazee wengi wa mitaa ya chini walipoyaona maji, waliamini kwamba wakubwa wamelipua tena baruti. Haikuwa kweli, wahandisi walichunguza, wakaona ni kuta mbovu. Lakini mtu aliyewahi kudanganywa mbele ya watu wote, utamlaumuje akiwa na mashaka?

Mwishoni mwa mwezi wa Septemba 2005, Meya Ray Nagin alichagua tume ya watu 17 ili kupanga mji mpya. Kazi ya kupanga mitaa aliwekewa Bwana Joseph Canizaro, tajiri mwenye benki na mwenye kununua na kujenga viwanja. Wakaitwa mabingwa wa kupanga miji kutoka majimbo mengine. Mabingwa hao walisema neno ambalo, kwa maoni yetu, halikuwa la upuuzi: mji hauwezi kurudi wote mara moja, fedha ni chache, na sehemu nyingine ni za hatari, afadhali kuanza na nchi ya juu, na mahali pengine pa chini paachwe pawe bustani za kupokea maji ya mvua. Mtu yeyote aliyewahi kujenga karibu na mto anaweza kuona maana yake.

Sasa tazameni jinsi habari hiyo ilivyowafikia wenyewe.

Asubuhi ya tarehe 11 Januari 2006, siku ambayo tume ilikuwa imewaita watu hotelini kusikia mpango, gazeti la mji, Times-Picayune, lilitoka na ramani katika ukurasa wa kwanza. Juu ya ramani palikuwa na alama za mviringo za rangi ya kijani, zimewekwa juu ya mitaa kadhaa. Karibu yake maandishi yalieleza kwamba hapo ndipo panapotazamiwa kuwa bustani na uwanja wa majani. Wapangaji walikuwa wamechora duara za mistari iliyokatika-katika tu, maana yake: ndani ya eneo hili, mahali fulani patakapochaguliwa baadaye, panaweza kuwa na bustani. Gazetini zile duara ziligeuka kuwa madoa mazima ya kijani. Mama mmoja akitazama, anaona doa limekaa juu ya nyumba yake, juu ya kanisa alimobatizwa, juu ya kaburi la mumewe karibu. Anasoma neno moja tu: Hamtarudi.

Tena mpango ulisema kwamba mitaa iliyozama sana ipewe miezi 4. Katika muda ule wenyeji waonyeshe kwamba angalau nusu yao watarudi. Na mpaka hapo asipewe mtu ruhusa ya kujenga. Fikirini kidogo. Wenyeji wako Houston, wako Atlanta, wengine katika nyumba za kupanga, wengine kwa wajomba. Barua haziwafikii. Watahesabiwaje? Na nani atakuwa wa kwanza kutumia akiba yake yote kutengeneza nyumba katika mtaa ambao labda utafutwa? Kila mmoja atamngoja jirani, na jirani atamngoja yeye, na miezi 4 itapita.

Mkutano wa siku ile ulijaa. Mabingwa walionyesha picha zao ukutani, picha nzuri kweli, za njia za reli na miti na maji. Halafu watu wakapewa nafasi ya kusema, mmoja mmoja, kwa kipimo cha dakika. Hakuna aliyezungumza habari za reli. Mwenyeji mmoja wa mitaa ya mashariki alimgeukia Bwana Canizaro, akamwambia mbele ya watu wote kwamba hamjui lakini anamchukia, kwa sababu amejificha nyuma akitafuta njia ya kuitwaa nchi yao. Wengine walisema kwamba atakayekuja kuwaondoa atawakuta wamekaa mlangoni. Mabingwa wakashangaa. Wao walidhani wameleta shauri. Watu walikuwa wamepokea hukumu.

Tukiupima mkutano ule leo, twaona kosa halikuwa katika maneno yaliyosemwa ukumbini tu. Wenye kuitwa waliitwa kazi ikiwa imekwisha kuchorwa. Waliohusika zaidi hawakuwemo, walikuwa kilometri mamia mbali. Na mwenye kusema mbele alikuwa mnunuzi wa viwanja. Huenda alikuwa na nia njema, hatumhukumu. Lakini kumweka tajiri wa viwanja awaambie maskini kwamba viwanja vyao vitakuwa bustani, je, hapo hapakuwa na mtu mwingine wa kutumwa?

Meya naye alikuwa na uchaguzi mbele yake. Aliwasikia watu wakiguna, akarudi nyuma upesi. Tarehe 20 Machi 2006 alitangaza kwamba kila mtu anaweza kujenga apendapo, lakini kwa hatari yake mwenyewe. Wengi walipiga makofi. Sisi twaona kwamba hilo nalo halikuwa jibu. Kwanza waliambiwa neno gumu bila kuulizwa. Kisha wakaachwa kabisa, kila mmoja na ukuta wake wenye matope, bila neno la kweli juu ya maji ya kesho. Mwezi wa Mei alichaguliwa tena.

Lakini kumbe yale madoa ya kijani yalizaa tunda ambalo hakuna aliyelipanda. Mtaa mmoja uitwao Broadmoor ulikuwa chini ya doa. Ulikuwa mtaa wa watu 7,000 hivi, weusi na weupe, wenye mali na wasio nayo, uliojengwa mahali palipokuwa bwawa zamani. Chama cha wenyeji kiliongozwa na mama mmoja kijana, LaToya Cantrell. Hawakukaa kulia juu ya gazeti. Walianza kukutana wenyewe, juma kwa juma, wakagawana kazi: hawa wa shule, hawa wa nyumba, hawa wa kuwatafuta majirani waliotawanyika. Walipita nyumba kwa nyumba wakiandika nani amerudi, nani atarudi, nani ameuza. Mbele ya nyumba wakasimamisha vibao vya kusema kwamba Broadmoor ni hai. Waalimu na wanafunzi wa chuo kikuu cha Harvard walikuja kuwasaidia, lakini kalamu ilibaki mikononi mwa wenyeji. Katikati ya mwaka wa 2006 walikuwa na mpango wao kamili, walioukubali wao wenyewe. Shule ya mtaa ilifunguliwa tena mwaka wa 2010, na maktaba mwaka wa 2012. Mama Cantrell alikuwa meya wa mji wote mwaka wa 2018.

Kuna mtaa mwingine ambao Wakristu wetu watapenda kusikia habari zake. Mbali mashariki mwa New Orleans wanakaa Wavietnam, Wakatoliki wengi. Wazee wao walikimbia kaskazini mwa Vietnam mwaka wa 1954, wakaenda kusini. Mwaka wa 1975 wakakimbia tena, wakafika Marekani. Parokia yao inaitwa Maria Malkia wa Vietnam. Padri wao, Vien The Nguyen, aliwafuata waamini wake katika kambi na miji walikokimbilia, akahesabu walio hai, akawauliza wanataka nini. Parokia ilikuwa imegawanyika sehemu sehemu, kila moja na mkubwa wake, kama mashirika ya parokia zetu hapa. Kwa hiyo neno likisemwa jioni lilikuwa limefika nyumba zote kesho. Mwezi wa Oktoba 2005, mitaa mingine ikiwa mitupu, wao walikuwa wamerudi na Misa ilisomwa.

Umeme haukuwepo. Padri akaenda kwa kampuni ya umeme. Wakamjibu kwamba hawawezi kuwasha mtaa usio na watu; waletewe ushahidi kwamba wapo wateja. Padri akarudi na picha za watu waliojaa Misani, pamoja na orodha ndefu ya majina yao. Mwezi wa Novemba taa ziliwaka. Wengine watacheka, lakini sisi twaona kwamba jibu lile lilikuwa na busara kubwa: wenye ofisi walikuwa hawawaoni watu, naye aliwaonyesha.

Haikuwa mwisho wa shida zao. Mwezi wa Aprili 2006, kwa mamlaka ya dharura aliyokuwa nayo meya, lilifunguliwa jalala kubwa la mabaki ya nyumba zilizobomolewa, si mbali na mtaa ule na mashamba yao ya mboga. Hawakuulizwa. Wazee ambao kwa miaka 30 walikuwa hawajajitokeza katika siasa walikwenda mbele ya jumba la mji, vijana wao wakiwafasiria Kiingereza. Mwezi wa Agosti jalala likafungwa.

Wakati huo serikali ya jimbo ilikuwa ikingoja mpango mmoja wa mji mzima, maana bila mpango fedha zingekawia. Basi kwa fedha za shirika la Rockefeller na wengine ulianza mpango mpya, na safari hii wakasema: tutawauliza watu. Mkutano mkubwa wa kwanza ulifanyika tarehe 28 Oktoba 2006. Walikuja watu mamia tu. Na wenye kuuongoza walipohesabu ni nani hasa waliokuja, waliona aibu: wengi walikuwa weupe wenye mapato mazuri, na mji ule kabla ya gharika theluthi mbili zake zilikuwa weusi. Mlango ulikuwa wazi, lakini nani angeweza kufika? Aliye Houston, afike kwa nauli gani? Mama mwenye watoto watatu, awaache kwa nani?

Twawasifu kwa jambo moja, kwamba hawakulificha. Waliita shirika la watu waliozoea kazi ya mikutano, America Speaks, wakaanza upya. Tarehe 2 Desemba 2006, siku ya Jumamosi, walifungua kumbi katika miji 5 kwa mara moja: New Orleans, Baton Rouge, Houston, Dallas na Atlanta, zikiunganishwa kwa setilaiti, hata aliye Atlanta akamwona na kumsikia aliye nyumbani. Waliwatafuta watu makanisani na katika nyumba walizopanga. Waliweka magari ya kuwaleta, chakula, walezi wa watoto, na wafasiri wa Kivietnam na Kispanyola. Watu hawakukaa safu safu wakitazama meza ya wakubwa. Walikaa kuzunguka meza ndogo, watu 10 hivi kila meza, na mmoja wa kuyaongoza mazungumzo. Kila mtu alikuwa na mashine ndogo mkononi ya kupigia kura, na hesabu ilionekana ukutani papo hapo. Walifika watu 2,500 hivi, na 64 katika 100 walikuwa weusi. Mwezi wa Januari 2007 wakakutana tena, karibu 1,300.

Na mpango uliotoka humo ulisema nini? Ulisema, pamoja na mengine, kwamba wenye nyumba katika mahali pa hatari wasaidiwe kuziinua juu, na kwamba wanaopenda kuhamia karibu karibu katika nchi ya juu wasaidiwe kufanya hivyo, kwa hiari yao. Mnaona? Ni karibu neno lile lile la mabingwa wa kwanza. Mwezi wa Januari 2006 lilitukanwa. Baada ya mwaka mmoja na nusu, Juni 2007, baraza la mji lililikubali, wala hakuna aliyetishia kukaa mlangoni na silaha. Maji hayakuwa yamepungua hatari yake, wala ramani haikuwa imebadilika. Lakini safari hii aliyeulizwa alikuwa na uwezo wa kusema hapana.

Ingefaa tuishie hapo, lakini historia haikuishia hapo. Walikuwako watu ambao swali lao halikuletwa mezani hata siku ile ya Desemba. Kabla ya gharika maelfu ya jamaa maskini, karibu wote weusi, walikaa katika nyumba za serikali za kupangisha, zilizojengwa kwa matofali. Nyingi zilisimama imara katika maji. Lakini mwezi wa Juni 2006 wizara ya nyumba huko Washington ilitangaza kwamba makao 4 makubwa, B. W. Cooper, C. J. Peete, Lafitte na St. Bernard, yatabomolewa, ili pajengwe nyumba za watu wa mapato mbalimbali. Wenyeji walikuta madirisha yamezibwa kwa vyuma. Huenda mawazo ya wizara yalikuwa na faida yake. Nyumba zile zilikuwa za zamani, tena zenye taabu nyingi. Lakini hakuna aliyewapa wapangaji mashine ya kupigia kura.

Tarehe 20 Desemba 2007 baraza la mji lilikutana ili kuamua. Mkutano ulikuwa wa hadhara. Ukumbi ulipojaa, polisi walifunga milango ya chuma ya uwanja, na wengi wakabaki nje, wakiwemo waliokuwa wapangaji wa nyumba zile. Walipoisukuma milango, wakanyunyiziwa gesi ya pilipili, wengine wakapigwa kwa mashine za umeme. Ndani pia baadhi yao walikamatwa. Kisha madiwani wakapiga kura, wote 7 kwa neno moja, na nyumba 4,500 hivi zikahukumiwa kubomolewa.